Jicho la Angani na Homa ya Bonde la Ufa

Mwaka 1931 wanazuoni Daubney, Hudson na Garnham walitangaza habari za maradhi mapya yaliyozuka katika shamba moja karibu na Naivasha, Kenya, ambako kondoo waliharibu mimba na wanakondoo wachanga wakafa kwa wingi. Nayo yakaitwa Homa ya Bonde la Ufa. Tangu hapo tabia yake ilikuwa kuua kwa ghafla, kisha kutoweka miaka mingi hata yakasahauliwa, mpaka zije mvua zisizo za kawaida.

Siri yake ilifichuliwa kidogo kidogo. Katika vibonde vya mbugani, maji yanapotuama, mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wenye unyevu, na mayai hayo, mengine yakiwa yamekwisha kurithi virusi kwa mama, huvumilia ukame miaka na miaka. Mafuriko yakiyafunika huanguliwa, na mbu hutoka tayari wamebeba maradhi. Mifugo huumwa kwanza, na binadamu aghalabu huambukizwa kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa.

Basi ikiwa asili ya balaa ni maji, ukijani wa nchi ni shahidi wake, na shahidi huyo huonekana kutoka mbali. Mwaka 1987 Kenneth Linthicum na wenzake walionyesha kuwa picha za setilaiti, zinazopima mwanga unaorudishwa na mimea, zaweza kubainisha hali zinazoleta homa hii. Na baada ya mlipuko mkubwa wa 1997 na 1998, ulioandamana na mvua za El Niño, wakaunganisha vipimo hivyo na joto la Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi. Mtihani ulikuja mwaka 2006, pale Assaf Anyamba wa NASA na wenzake walipotoa ilani mapema, na mwezi wa Desemba wagonjwa wakatambuliwa Garissa.

Utabiri ulisadifu, lakini matendo yalichelewa: mifugo ilianza kuchanjwa baada ya watu kuugua, ilhali wafugaji wa Kisomali walikuwa wamekwisha kutanabahi wingi wa mbu na kuharibika kwa mimba za wanyama wao. Kwa hiyo, serikali inayotaka kunufaika na elimu hii haina budi kuweka akiba ya chanjo na fedha wakati wa kiangazi, na kumsikiliza mchungaji kama inavyoisikiliza setilaiti, kwani ilani isiyokuta matayarisho haiokoi roho ya mtu.