Mbogani: Nyumba ya Mlowezi na Historia ya Waliolima

Nyumba ya Mbogani, karibu na vilima vya Ngong pembezoni mwa Nairobi, ni miongoni mwa nyumba chache za walowezi wa Afrika Mashariki zilizogeuzwa kuwa makumbusho ya umma. Ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Uswidi, kwa kuta za mawe, paa la vigae na baraza inayotazama vilima. Karen Blixen kutoka Denmark alifika Mombasa Januari 1914, akaolewa huko na Bror Blixen wa Uswidi, kisha wakahamia Mbogani mwaka 1917.

Shamba lao lilikuwa na ekari zipatazo 6,000. Kahawa ilichukua ekari 600 tu. Sehemu nyingine ilikuwa msitu, na ekari kama 1,000 zililimwa na familia za Kiafrika, wengi wao Wakikuyu, walioitwa maskwota. Wenyeji walihesabiwa kuwa wageni juu ya ardhi hiyo kwa sababu sheria za mwaka 1902 na 1915 ziliifanya kuwa mali ya Taji la Uingereza, na serikali ikawagawia walowezi. Kwa sheria ya mwaka 1918, skwota alipaswa kumtumikia mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kufuga. Kodi ilimlazimu kutafuta fedha, na kipande, yaani hati ya utambulisho na kazi iliyoanza kutumika mwaka 1919, kilimfunga zaidi: mwanamume aliyekivaa shingoni hakuweza kuacha kazi bila idhini ya mwajiri.

Hata hivyo shamba halikustawi. Lilikuwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, mahali penye baridi mno kwa mibuni, na udongo wake haukufaa. Ukame ulirudia, kiwanda cha kahawa kikateketea mwaka 1923, na bei zilipoporomoka katika mdororo wa uchumi wa dunia, kampuni iliyomiliki shamba ikashindwa kulipa madeni. Shamba liliuzwa mwaka 1931. Kabla ya kuondoka, Karen aliiomba serikali iwape maskwota ardhi ya pamoja wasitawanywe, na ombi hilo likakubaliwa. Mnunuzi aliligawa shamba kuwa viwanja vya makazi, na kitongoji kilichoota hapo kinaitwa Karen hadi leo.

Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo kama zawadi ya uhuru, ikatumika kama chuo. Filamu iliyotokana na kitabu cha Karen kuhusu shamba hilo, cha mwaka 1937, ilipotoka mwaka 1985, dunia ilianza kuulizia mahali hapo, na mwaka uliofuata Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakafungua milango kwa wageni. Leo mgeni huona vyumba vilivyopangwa kama zamani, vyenye baadhi ya samani za Karen mwenyewe na nyingine zilizotumika katika filamu, kisha hufika kwenye jiko lililojitenga na mitambo ya kahawa iliyoachwa chini ya miti.

Mitambo hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko samani. Kamante Gatura, mpishi, na Farah Aden, msimamizi wa nyumba, wanajulikana kwa sababu wameandikwa kitabuni. Mamia waliopalilia, wakachuma na kubeba magunia hawakupata mwandishi.

Kwa wasomaji wa Ubwari, Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, habari hii haiko mbali. Upande wa Kongo, amri ya mwaka 1917 iliwaruhusu Wabelgiji kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao ya biashara, na pamba ya tambarare ya Ruzizi ilipandwa katika utaratibu huo. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyosimamia kugawiwa ardhi kwa walowezi wa Kizungu. Mashamba ya kahawa, chai na miti ya kwinini yakaenea nyanda za juu. Mengi ya historia hiyo yamo katika vinywa vya wazee. Shule, parokia na vyama vya utamaduni viyaandike masimulizi yao sasa, vikitaja majina ya waliolima pamoja na ya waliomiliki, kwani makumbusho yanayoonyesha nyumba bila shamba husimulia nusu tu ya historia.