Uchovu usiokwisha na vipimo visivyoona kitu: swala, saumu na haki za mgonjwa nyumbani

SWALI

Sheikh, mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Njinjo, Kilwa. Mume wangu analima ufuta. Huu ni mwaka wa pili tangu nipate homa kali na maumivu ya viungo. Homa iliondoka lakini nguvu hazikurudi. Nalala usiku mzima, naamka kama sikulala. Nikifua nguo nyingi leo, kesho na keshokutwa siwezi kuinuka. Nimepimwa hospitali tatu, wote wanasema sina kitu. Huku ukweni naitwa mvivu. Kwetu Unguja wanasema mama mkwe ndiye aliyenifanyia mambo, na wanataka nirudishwe nikatibiwe kwa mganga. Ramadhani iliyopita nilifunga siku tisa tu. Swala nasali nimekaa, nami naogopa haikubaliwi. Nifanyeje?

JIBU

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na swahaba zake. Amma ba‘ad.

Barua ya dada yetu tumeifupisha kwa ridhaa yake. Tumeijibu kwa urefu kwa sababu barua zinazofanana nayo zinatufikia pia kutoka Pemba, Unguja na Mafia, za wanawake na za wanaume. Njinjo ninapajua kidogo. Miaka ya nyuma nilikwenda kwa darsa. Ukifika Nangurukuru unaiacha barabara kuu ya Lindi na kushika njia ya Liwale. Nilikuta watu wakarimu na kazi nzito: shamba, maji, kuni, na msimu wa ufuta hakuna anayekaa kitako. Mahali kama hapo mtu asiye na homa, asiye na kidonda, na bado amelala saa nne asubuhi, hana pa kujificha. Kila jicho linamuona, na kila mdomo una lake la kusema.

Kabla ya hukumu yoyote, tutenganishe mambo mawili ambayo watu wameyachanganya. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na ‘ajz, na akijikinga pia na kasal, akiyataja kila moja kwa jina lake. Wanazuoni wakafafanua: ‘ajz ni kutoweza, na kasal ni mtu kuwa anaweza lakini nafsi yake haitaki. Uvivu ni hiyo ya pili. Anayefua nguo kwa hamu leo kisha akaanguka siku mbili hakukosa kutaka, amekosa kuweza. Basi anayemsomea mgonjwa kama huyu aya ya 142 ya Suratun-Nisaa, inayowataja wanafiki wanaoinuka kwenda kuswali kwa uvivu, ameichukua aya ya watu wengine akamvisha asiyehusika. Hilo ni jambo kubwa, na mwenye kulifanya amuombe radhi mgonjwa.

Je, “huna kitu” maana yake huna ugonjwa?

Hapana. Maana yake ni kwamba vipimo vilivyofanywa havikuonyesha kitu. Suali la kwanza basi ni hili: vimefanywa vipimo gani? Wengi wanaoniambia wamepimwa kila kitu, nikiwauliza nasikia ni malaria, mkojo na kile kipimo cha taifodi. (Nusu ya wanaokwenda kupima siku hizi wanarudi na “taifodi na UTI”. Kipimo cha Widal, ambacho ndicho kinachotumika sana, kinajulikana kwa kuonyesha taifodi mahali isipokuwepo. Mtu anameza dozi baada ya dozi na uchovu uko pale pale.)

Mimi si daktari, na ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kuwauliza madaktari. Mwenye uchovu wa miezi aulizie wingi wa damu, na pia akiba ya madini ya chuma, kwani akiba inaweza kuwa imekwisha na wingi wa damu ukaonekana bado mzuri. Aulizie sukari, figo, ini, tezi ya shingo, VVU na kifua kikuu. Apimwe choo kwa ajili ya safura, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina hilo kabla ya darubini kufika, na mkojo kwa ajili ya kichocho, ambacho visiwa vyetu vimepambana nacho miaka mingi na ambacho Bara pia kipo. Mwanamke aangaliwe kama ana mimba au hedhi inayotoka kwa wingi. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini aseme hivyo, kwa sababu daktari hamuoni akiwa amelala. Na kama anapungua uzito, anatoka jasho jingi usiku, anakohoa zaidi ya wiki mbili au anaona damu kwenye mkojo, asingoje jibu la sheikh.

Vidonge vya kuongeza damu visinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Hapo Pemba penyewe ulifanywa utafiti mkubwa kwa watoto wadogo, ukachapishwa mwaka 2006, na ukaonyesha kwamba kuwapa watoto wote chuma bila kuchagua, mahali penye malaria nyingi, kulizidisha maradhi makali na vifo. Dawa ni ya aliyepimwa.

Yakiisha yote hayo na hakuna kilichoonekana, bado kuna maradhi yanayoanza kama alivyoeleza dada yetu: homa inapita na nguvu zinabaki nyuma. Watu wa kusini wasiyaone mageni. Chikungunya, ambayo sasa inajulikana dunia nzima, jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja. Ilielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini ya Kilwa, na inajulikana kwamba baadhi ya walioipata hubaki na maumivu ya viungo na uchovu kwa miezi, hata miaka. Sisemi kwamba dada yetu aliugua hiyo. Nasema kwamba homa kuacha mabaki si hadithi ya kutungwa. Baada ya Uviko-19 jambo hili lilionekana kila nchi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaliwekea maelezo rasmi.

Uchovu wa namna hii unaodumu miezi, wenye usingizi usioburudisha, akili inayofifia, na hasa kuanguka siku moja au mbili baada ya kazi, madaktari wameupa jina: ugonjwa wa uchovu sugu. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilieleza kwamba ni maradhi ya kweli, mazito, yanayogusa mwili mzima. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, bali daktari huutambua kwa maelezo ya mgonjwa baada ya kuondoa maradhi mengine. Kwa hiyo dada yetu arudi kwa daktari na maneno yake yaandikwe: lini ulianza, anaanguka baada ya nini, na kwa siku ngapi.

Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Kinachosaidia ni kupima kazi. Kisima cha kiangazi kinajaza polepole. Ukichota ndoo tatu ukangoja, kesho utachota tena, ukikikomba leo, kesho utapata tope. Siku anayojisikia vizuri ndiyo siku ya hatari, kwa sababu hutaka kulipa deni la wiki nzima kwa asubuhi moja. Ndugu wanaomwambia “jikaze, fanya mazoezi, damu ichemke” wanamdhuru. Hata Uingereza, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba iliacha mwaka 2021 kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wagonjwa hawa.

Sonona nayo ni maradhi, wala si upungufu wa imani. Mara nyingi mwenye sonona hamu yenyewe imemtoka, na mwenye uchovu huu ana hamu lakini mwili unamkatalia, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Aliyefika kutamani kufa asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Swala

Swala ya dada yetu ni sahihi, in shaa Allah, na hana haja ya kuirudia. Hadithi ya ‘Imraan bin Huswayn (R.A.) katika Bukhari imeweka ngazi: kusimama, asiyeweza akae, asiyeweza alale ubavu. Na kutoweza hapa si lazima iwe miguu imekatika. Imamu Nawawi na wengine katika madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kuwa inatosha kuwepo mashaka makubwa, au kuogopa maradhi kuzidi. Anayejua kwa uzoefu wake kwamba kusimama rakaa nne kutamlaza kesho, ameingia humo. Akiweza kusimama kwa Takbiri na Fatiha kisha akae, afanye hivyo. Asipoweza, akae tokea mwanzo, na thawabu yake haipungui. Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba mgonjwa huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Na alipoikuta msikitini kamba aliyoifunga Bibi Zaynab (R.A.) ili ajishikilie akichoka katika swala, aliamrisha ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae.

Kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa ajili ya maradhi kuna khilafu. Kauli mashuhuri ya Mashafi ni kwamba haifai. Lakini wapo miongoni mwao walioijuzisha, na Imamu Nawawi akaiona kuwa ni kauli yenye nguvu kwa dalili. Mahanbali nao wanaijuzisha. Ninaloliona ni kwamba dada yetu asiifanye kuwa ada ya kila siku. Siku aliyoanguka, ambayo kila udhu ni safari, akusanye bila kupunguza rakaa. Udhu autie akiwa amekaa, na akimiminiwa maji hapana ubaya. Kwa mwanamume, maradhi haya ni udhuru wa kukosa jamaa na Ijumaa, na jirani asimhesabie.

Saumu

Hapa watu hukimbilia kutoa chakula, na mara nyingi wamekosea. Fidya ya kibaba kimoja kwa kila siku ni ya yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, kwa kauli ya daktari mwaminifu. Uchovu huu haufanani kwa watu wote. Wengine hupona, wengine hupata nafuu ikapanda na kushuka. Maadamu matumaini yapo, deni ni la kulipa kwa kufunga. Dada yetu ana deni la siku zake zote alizokula. Azilipe siku za nafuu, moja moja, bila kufululiza, na miezi ya baridi ni mepesi zaidi. Ikiingia Ramadhani nyengine naye bado hajaweza, hana dhambi wala kibaba cha kuchelewesha, kwa kuwa udhuru haukuondoka. Akifika daktari kumwambia kwamba kupona hakutarajiwi, hapo atoe fidya. Na akija kupona baada ya kuitoa, kauli sahihi katika madhehebu ni kuwa halazimiki kulipa.

Haki zake nyumbani

Mume asome sehemu hii mwenyewe. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho masheikh wetu Unguja wamekisomesha vizazi kwa vizazi, imeelezwa kwamba mke ambaye kwa kawaida hujihudumia mwenyewe, akihitaji kuhudumiwa kwa sababu ya maradhi, ni wajibu wa mume kumpatia wa kumhudumia. Wajibu, si hisani. Kwa hali za Njinjo, si lazima iwe mtumishi wa mshahara. Inaweza kuwa binti wa ndugu anayekuja kuteka maji, au mume kufua nguo zake mwenyewe. Gharama za daktari wanazuoni wa zamani hawakuzihesabu katika nafaka, lakini wengi wa zama hizi wanazihesabu, kwa kuwa tiba imekuwa hitaji kama chakula. Mimi niko pamoja nao.

Bibi Fatma (R.A.), mikono ikiwa imeota sugu kwa jiwe la kusagia, alikwenda kuomba mtumishi kwa baba yake. Mtume (S.A.W.) hakumwita mvivu. Aliwafuata nyumbani usiku, akakaa kati yake na Imamu Ali (R.A.), akawafundisha tasbihi ya wakati wa kulala: 33, 33 na 34. Dada yetu aishike hiyo.

Mganga na mama mkwe

Kusomewa ni sunna. Ajisomee mwenyewe Fatiha, Ayatul-Kursiy na sura tatu za mwisho, akiweka mkono panapouma. Amsomee mumewe, amsomee mama yake mzazi kwa simu. Kusoma hakuzuii hospitali, wala hospitali haizuii kusoma.

Lakini mganga anayetaja jina la aliyekuroga ni mpiga ramli, na Mtume (S.A.W.) ameonya kwamba mwenye kumwendea na kumuuliza hakubaliwi swala yake siku arubaini. Jamaa wa Unguja wanaotaka kumchukua binti yao kwa sababu hiyo wajiulize wana ushahidi gani. Mama mkwe ni Muislamu, na kumtuhumu uchawi bila dalili ni dhulma. Bara na Visiwani tumeona tuhuma kama hizi zikimfikisha mtu mzima kwenye panga. Wakitaka kumchukua akapumzike miezi miwili kwao, kwa ridhaa ya mume, akapimwe tena mjini, hilo ni jema, na waseme hivyo mbele ya mama mkwe mwenyewe, kabla safari haijapangwa.

Daftari la siku za kuanguka alianze sasa, aje nalo.

Wallaahu a‘lam.