Kibarua

Neno hili limezaliwa na barua. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha siku alizofanya kazi, na jina la kikaratasi likamhamia aliyekishika. Leo kibarua ni mtu, na pia ni kazi yenyewe. Upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenganisha maana hizi mbili: kibarua amefika, kibarua kimeota nyasi. Waandishi wa michezo nao hawaishi kuzipa timu za ugenini "kibarua kigumu".

Kwenye ujenzi, vibarua ndio ratiba. Siku ya kumwaga zege la ghorofa, makarai hupokezana bila kukatika, kwa kuwa saruji ikishaguswa na maji haimngoji mtu; ikianza kushika kabla haijamwagwa, imeharibika. Sasa mvua inyeshe alfajiri. Mkandarasi aweza kuomba kuongezewa muda, maana mikataba mingi ina kifungu cha hali mbaya ya hewa. Saidia fundi, yaani kibarua anayemsaidia fundi, aliyepanda daladala mbili gizani hana kifungu. Anarudi nyumbani mikono mitupu.

Wala sipendi ripoti zinazomwita "nguvukazi isiyo na ujuzi". Kupanda ngazi za mirunda na karai la zege begani, bila kuvunja mwendo wa wenzako, ni ujuzi. Mpango wa mradi unaoijali hatari ya mvua kwake pia ungempigia simu jioni kumwambia kama kesho kuna kazi, na akifika akakuta imeahirishwa, ungemlipa walau nauli na nusu ya kutwa.