Uchungu wa uzazi hutayarishiwa njia, haulazimishwi

WAHENGA walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata hivyo, saa za kumleta mwana huyo duniani huwatia wasiwasi wengi walio kando ya mzazi: mume, mama mkwe, jirani na hata dereva wa teksi aliyeamshwa usiku wa manane. Kila mmoja hutamani mambo yaishe upesi. Katika hamu hiyo ndimo hatari huingia, kwani yapo mambo yanayousaidia uchungu usonge mbele, na yapo yanayoulazimisha hadi mama au mtoto akadhurika.

Hatua za uchungu

Uzazi hupitia hatua tatu. Katika ya kwanza, mikazo ya kizazi hufungua mlango wake hadi kufikia upana wa sentimita 10. Sehemu ya mwanzo ya hatua hii, kabla ya sentimita 5, huenda polepole na haina muda maalumu. Huweza kuchukua saa nyingi bila ya kuwepo kasoro yoyote. Kuanzia sentimita 5, mwendo huongezeka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), sehemu hii kwa kawaida haizidi muda wa saa 12 kwa anayejifungua mara ya kwanza, na saa 10 kwa aliyewahi kuzaa.

Hatua ya pili ni ya kusukuma, ambayo mara nyingi hukamilika kabla ya saa tatu kwa uzazi wa kwanza na saa mbili kwa uzazi unaofuata. Ya tatu ni ya kutoka kwa kondo la nyuma.

Uchungu ukikwama, wakunga huchunguza mambo matatu: nguvu za mikazo, mtoto alivyolala, na nafasi ya nyonga anamopitia. Tiba hutegemea chanzo. Kuongeza mikazo ilhali nyonga ni nyembamba ni sawa na kusukuma mlango uliofungwa kwa kufuli.

Yanayosaidia

La kwanza ni kutembea na kubadilisha mkao. Mama akisimama, akipiga magoti au akichuchumaa, uzito wa mtoto husaidia kumteremsha. Akichoka, alale kwa ubavu badala ya chali.

La pili ni kinywaji na chakula chepesi. Kizazi ni msuli, na msuli hauwezi kufanya kazi usiku kucha bila nguvu. Uji, chai au maji yanafaa, iwapo mkunga hajaona sababu ya kuyazuia.

La tatu ni kwenda haja ndogo mara kwa mara, kwani kibofu kilichojaa huzuia kichwa cha mtoto kushuka.

La nne ni mwandani. Kabla ya kuja kwa hospitali, mwanamke wa Kikuyu hakuachwa azae peke yake. Muciarithania, yaani mkunga, alikuwa naye. Utafiti wa kisasa umethibitisha busara hiyo: mama anayesindikizwa na mtu wa kumfariji mfululizo huwa na uchungu mfupi zaidi, na uwezekano wake wa kufanyiwa upasuaji hupungua. WHO hupendekeza kila mama awe na mwandani aliyemchagua mwenyewe. Familia iulize mapema, wakati wa kliniki, iwapo hospitali inamruhusu.

La tano ni kungoja hamu ya kusukuma. Kumwamuru mama asukume kabla ya mlango kufunguka humchosha bure.

Yanayodhuru

Mitishamba ya kuongeza uchungu ina hatari kubwa kwa kuwa kipimo chake hakijulikani. Baadhi yake hukaza kizazi kwa nguvu bila kukipa nafasi ya kulegea. Mtoto hukosa hewa na kizazi huweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi.

Onyo hilo hilo linahusu oksitosini inayotolewa kiholela. Dawa hii ni ya manufaa pale ambapo imethibitishwa kwamba uchungu umechelewa, ikitolewa kwa dripu huku mama na mapigo ya moyo wa mtoto vikichunguzwa, mahali ambapo upasuaji unaweza kufanywa haraka. Sindano ya dawa iyo hiyo hutolewa kwa kila mama mara tu baada ya mtoto kuzaliwa ili kuzuia kuvuja damu. Kinachoitenganisha tiba na sumu hapa ni wakati na kipimo.

Aidha, kukandamiza tumbo kwa mikono ili mtoto atoke hakupendekezwi.

Ramani ya uchungu

Mkunga hutambuaje kwamba subira imekuwa ucheleweshaji? Mwaka wa 1972, madaktari Philpott na Castle, waliofanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walichapisha chati yenye mistari miwili: wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Ilikusudiwa kumwonyesha mkunga aliye mbali na hospitali kuu wakati wa kumhamisha mama. Chati hiyo, patografu, ilienea duniani kote. Mwaka wa 2018, WHO ilieleza kwamba kipimo cha sentimita moja kwa saa ni kikali mno kwa baadhi ya akina mama, na mwaka wa 2020 ikatoa mwongozo mpya unaotazama pia maji anayokunywa mama, mkao wake na kuwepo kwa mwandani.

Wazo la chati hiyo lina uzito katika eneo la Mlima Kenya. Nyeri ina hospitali ya rufaa ya kaunti, na zipo hospitali Karatina, Othaya, Mukurwe-ini, Mathari na Tumutumu. Kerugoya, Embu, Chogoria, Meru na Nanyuki pia zina zao. Lakini kati ya kijiji na lami kuna miinuko, mabonde na barabara za udongo mwekundu zinazoteleza wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Saa mbili za kukwama matopeni huhesabiwa pamoja na saa za uchungu.

Kwa hivyo, anayetarajia kujifungua katika miezi hiyo na anaishi mbali afikirie kuhamia kwa jamaa aliye karibu na hospitali siku chache kabla ya tarehe yake. Familia itenge nauli, ipate nambari ya dereva wa kuaminika na kujua zahanati iliyo karibu. Usajili wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ukamilishwe kabla ya uchungu kuanza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Dalili za hatari

Mama afikishwe hospitalini bila kukawia iwapo:

- anavuja damu;
- maji ya uzazi yamepasuka, hasa yakiwa ya kijani au kahawia;
- ana homa, kifafa, au maumivu makali ya kichwa na kuona kiwi;
- tumbo linauma mfululizo hata baina ya mikazo;
- mtoto amepunguza kucheza;
- kitovu, mkono au mguu umetangulia kutoka.

Uchungu uliozuiliwa kwa muda mrefu huweza kumwachia mama fistula, inayomfanya ashindwe kuzuia mkojo, au kumnyima mtoto hewa na uhai. Subira ni njema pale tu ambapo kuna mtu mwenye ujuzi anayehesabu saa.