Herufi Tatu za Lighthill: Utafiti wa Akili ya Mashine katika Chuo Kikuu cha Edinburgh

Aghalabu sisi walimu wa lugha huambiwa kwamba ubishi juu ya istilahi ni anasa ya ukumbini, na kwamba wenzetu wa sayansi wana shughuli nzito zaidi. Makala haya yanakusudia kueleza kisa ambacho ndani yake majina na uainishaji viliamua, kwa kiasi kikubwa, hatima ya utafiti mzima. Kisa chenyewe ni cha Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, kuanzia miaka ya 1960.

Mwanzilishi alikuwa Donald Michie. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi Bletchley Park, ambako Waingereza walifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, na huko akafahamiana na Alan Turing. Baada ya vita aligeukia elimu ya urithi wa viumbe, na alipokuwa Edinburgh cheo chake kilikuwa katika taaluma ya upasuaji. Kwa kukosa kompyuta ya kufaa, mapema katika miaka ya 1960 alikusanya visanduku vya viberiti takriban 300, kila kimoja kikiwakilisha hali moja ya ule mchezo wa kuandika misalaba na duara katika miraba 9. Ndani mlikuwa na shanga za rangi mbalimbali, kila rangi ikiwa ni hatua inayowezekana. Zamu ilipofika, shanga moja ilitolewa bila kuchagua, na hatua yake ikachezwa. Visanduku vikishinda, shanga za rangi ile ziliongezwa. Vikishindwa, shanga iliyotumika iliondolewa. Baada ya michezo mingi vilicheza kwa ustadi ambao hakuna mtu aliyevifundisha. Je, tuseme vilijifunza? Swali hili ni la kitenzi kabla ya kuwa la mashine.

Mwaka 1963 Michie alianzisha kikundi kidogo cha utafiti huko Hope Park Square, na Oktoba 1966 ikaundwa Idara ya Akili ya Mashine na Utambuzi. Walijiunga naye, kutoka Cambridge, Christopher Longuet-Higgins, mtaalamu wa kemia ya nadharia, na Richard Gregory, mwanasaikolojia wa macho na uoni. Jina la idara lilikuwa paa moja juu ya nyumba zaidi ya moja: Michie alitaka mashine itende, wenzake walitaka hasa kufahamu akili ya binadamu. Gregory aliondoka mwaka 1970, na nyufa zilikuwa zimekwisha kuonekana kabla adui wa nje hajabisha hodi.

Matunda hata hivyo yalikuwepo. Rod Burstall na Robin Popplestone walibuni POP-2, lugha ya kuandikia programu. Kwa lugha hiyo aliendeshwa Freddy, roboti aliyekuwa na kamera na, baadaye, mkono wa kushikia vitu. Jambo la kupendeza ni kwamba Freddy hakwenda popote: mkono ulipanda, ulishuka na kuzunguka, lakini meza ndiyo iliyosogezwa chini yake. Kutokana na lundo la vipande vya mbao aliweza kutenga kila kipande, kukitambua, na hatimaye kuunda gari la kuchezea. Alifanya hivyo polepole mno; lakini kuona na kutenda viliunganishwa katika mashine moja, na hilo lilikuwa jambo geni.

Mwaka 1972 Baraza la Utafiti wa Sayansi la Uingereza lilimwomba James Lighthill, mwanahisabati wa Cambridge aliyesifika kwa elimu ya miminiko, alipime taaluma hii. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1973. Aliigawa kazi yote kwa herufi tatu. A ilikuwa mashine za kujiendesha. C ilikuwa uchunguzi wa mfumo wa neva kwa kompyuta. Na B, herufi inayoanzia maneno mawili ya Kiingereza, la kujenga roboti na la daraja, ilikuwa kiungo baina ya hizo mbili. Alizikubali A na C kuwa halali, akaikatia B tamaa. Hoja yake nzito ilikuwa kwamba mbinu zilizofaulu katika michezo midogo hukwama katika mambo ya dunia, kwa kuwa idadi ya njia za kujaribu hufurika kupita uwezo wa mashine. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na Michie, aliyependa kuahidi makubwa, alikuwa amejiweka shabaha.

Lakini tuutazame uainishaji wenyewe. Ukishasema kwamba kila ukingo unajitosheleza, daraja huwa halina kazi hata kabla ya kulikagua. Hukumu ilikuwa imefichwa ndani ya alfabeti. Mwaka huohuo, katika mjadala uliorushwa na televisheni ya BBC, Michie, Gregory na Mmarekani John McCarthy walimkabili Lighthill. McCarthy alikataa kabisa kwamba taaluma yake ni daraja la mtu. Naye Longuet-Higgins, akiijibu ripoti, alipendekeza jina jipya, sayansi ya utambuzi, ambalo limedumu hadi leo. Kwa maoni yetu jibu hilo lilikuwa la busara kuliko yote, maana lilishambulia majina badala ya kutetea mashine.

Fedha zilipunguzwa. Mwaka 1974 idara ilipangwa upya kwa jina la Akili Bandia, Michie akapewa kitengo chake pembeni, na Longuet-Higgins akahamia Sussex. (Sisi nasi twavutana baina ya akili bandia, akili unde na akili mnemba. Asemaye bandia, kama katika noti bandia, ameshatoa hukumu.)

Kilichostawi baadaye kilitoka upande usiotazamwa sana, kwenye mantiki aliyoikuza Bernard Meltzer. Robert Kowalski, wa kikundi chake, alishirikiana na Alain Colmerauer wa Marseille, aliyekuwa akitafuta namna ya kuzungumza na kompyuta kwa Kifaransa. Hapo ikazaliwa Prolog mwaka 1972. Huko Edinburgh David Warren na wenzake waliipa kasi, na mwaka 1980 Fernando Pereira na Warren walichapisha makala ya kueleza sarufi kwa kanuni za mantiki. Hapa mwanaisimu wa Kiswahili hana budi kusimama. Katika sarufi ya namna hiyo, ngeli huwa ni kigeu kinachopitishwa kutoka nomino hadi kitenzi, hata kanuni moja ikakubali kitabu kimeanguka na vitabu vimeanguka, na kukataa kitabu vimeanguka. Upatanisho, ambao katika sarufi za zamani uliandikiwa majedwali kurasa nzima, hutoshea katika mstari mmoja.

Mwaka 1998 idara hiyo iliunganishwa na jirani zake kuwa Skuli ya Infomatiki. Desemba 2002 moto ulizuka katika mtaa wa Cowgate, ukateketeza majengo ya South Bridge pamoja na maktaba ya akili bandia iliyokuwa imekusanywa kwa miongo kadhaa. Freddy alisalimika, amehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Uskoti.