Bendi za Nyumbani Katika Mji wa Ugenini: Dansi la Dar es Salaam, 1958–1969

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, kijana wa Rufiji aliyetaka kwenda Dar es Salaam alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maji: kushuka katika vijito vya mikoko hadi mdomoni mwa mto, na kupata nafasi katika jahazi lililopakia boriti au mpunga. Ya pili ilikuwa ya nchi kavu: kufika Kibiti, penye njia kuu ya kusini, na kungoja lori. Masika yakija, njia hiyo iligeuka matope, na mtu aliweza kungoja siku nyingi. Akipata lori, aliingia mjini kwa Barabara ya Kilwa, akapita Mbagala, na kabla ya jua kuchwa alikuwa akiuliza nyumba ya mjomba wake katika mitaa ya Temeke, Ilala au Kariakoo.

Mji aliouingia ulikuwa ukikua upesi mno. Hesabu ya mwaka 1957 ilionyesha watu 128,000 na zaidi. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha zaidi ya 270,000. Katika miaka kumi tu mji ulizidi maradufu, na wengi wa walioongezeka walikuwa wageni. Mgeni hana budi kutafuta wa kwao. Wa kwao ndio watakaomzika akifa, watakaomchangia akioa, na watakaomsikiliza akisema kwa lafudhi ya kwao bila kumcheka. Kwa sababu hiyo mji ulijaa vyama: vya kuzikana, vya kusaidiana, vya mpira na vya ngoma. Nguvu za vyama vya ngoma zilijulikana baadaye katika siasa. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwaongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955, alikuwa mwimbaji mkuu wa ngoma iliyoitwa Bomba, na vikundi vya ngoma vya mjini ndivyo vilivyompa wasikilizaji wake wa kwanza.

Dansi nalo lilizaliwa katika utaratibu huohuo wa vyama. Kabla yake palikuwa na beni, ngoma ya kuiga gwaride na bendi za askari, iliyogawanyika katika Marini na Arinoti. Katika miaka ya thelathini vijana waliosoma waliliacha gwaride wakashika dansi la wawili wawili. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Neno hili “jazz” lisimpoteze msomaji. Halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, bali lilikuwa jina la heshima kwa bendi yoyote yenye magitaa na ala za kupuliza. Mwalimu wa kweli wa wanamuziki hawa alikuwa santuri ya Kuba. Kutoka humo walijifunza rumba, na baadaye chachacha, hata wasiojua neno moja la Kihispania wakaweza kuyafuata maghani yake. Kisha wakaja kuimba kwa Kiswahili mambo ya pesa, ya mapenzi na ya kifo, ambayo hayahitaji mkalimani.

Jambo linalostahili kuangaliwa ni majina ya bendi zilizozuka mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mwaka 1958 Ahmed Kipande alianzisha Kilwa Jazz. Mwaka 1959 Iddi Nhende alianzisha Western Jazz, na jina hilo lilikuwa la Jimbo la Magharibi, yaani nchi ya Tabora na Nzega. Palikuwa na Ulanga Jazz, jina la nchi ya Mahenge. Palikuwa na Rufiji Jazz. Mtu asiyelijua dansi, akisomewa majina haya, angedhani anasomewa orodha ya vituo vya mabasi. Bendi zote hizo zilipiga Dar es Salaam, mbele ya watu wa Dar es Salaam, lakini kila moja ilibeba jina la mahali ambapo wenyewe walikuwa wamepaacha nyuma. Mji haukuwa na jina la kuwapa bado; walikuja na lao.

Bendi ya namna hii ilikuwa chama kwanza, na muziki baadaye. Gitaa, saksafoni na tarumbeta ni vitu vya gharama, na kibarua wa bandarini au karani mdogo hakuweza kununua peke yake. Palitakiwa michango, palitakiwa mwenyekiti na mweka hazina, palitakiwa nyumba ya kuwekea vyombo. Wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, na jioni walikutana kufanya mazoezi. Fedha za mlangoni, dansi lilipopigwa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja au Amana kule Ilala, zilirudi katika mfuko wa wote, zikatengeneza spika iliyokufa au zikalipa deni la gitaa. Umaskini ulikuwa mwingi na ugomvi haukukosekana; mara kwa mara mpigaji hodari aliondoka kwa hasira akaanzisha bendi yake. Walakini swali la kuwa gitaa ni la nani lilikuwa na jibu lililofahamika: gitaa lilikuwa la chama, na chama kilikuwa cha watu waliolipiga na waliolicheza.

Jina la Rufiji Jazz hutajwa leo zaidi katika habari za maisha ya mtu mmoja, naye hakuwa Mrufiji. Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa mwaka 1940 Masaki, Kisarawe, katika Uzaramo. Alianza kuimba mwaka 1960 katika bendi iliyoitwa Kilimanjaro Chacha, akapita Rufiji Jazz, kisha akaingia Kilwa Jazz. Angalia safari hiyo: Mzaramo wa Kisarawe aliimba chini ya mlima wa Wachaga, akavuka Rufiji, akafika Kilwa, na katika miaka hiyo yote hakutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo wanakosea wanaosema kwamba bendi za nyumbani zilikuwa ngome za ukabila. Jina lilikuwa la kwao, lakini mlango ulikuwa wazi kwa kila mwenye sauti. Wala nyimbo hazikuwa za Kimatumbi au za Kindengereko. Zilikuwa za Kiswahili, kwa kuwa aliyelipa mlangoni aliweza kuwa mtu wa popote.

Uhuru ulipokuja, dansi liliulizwa swali gumu. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema kwamba wengi walijifunza kucheza rumba, chachacha, rokenrol na twisti, hata walisi, bali ni wachache waliojua gombe sugu, kiduo au lelemama. Maneno hayo yalikuwa ya haki, lakini yaliweka rumba na rokenrol katika kapu moja, ilhali mjini havikuwa kitu kimoja. Rumba ilikuwa imekwisha kaa miaka thelathini katika nyumba za Kariakoo na kupata maneno ya Kiswahili. Rokenrol na twisti zilikuwa za vijana wa shule na za bugi, yaani dansi la mchana, ambapo wenye umri mdogo walicheza kwa mitindo waliyoiona katika sinema. Wazee wa Kilwa Jazz na Western Jazz hawakuhesabu bugi kuwa dansi hasa. Mbele ya hotuba ile, hata hivyo, wote walijikuta upande mmoja, upande wa wale waliotakiwa kueleza Uafrika wao.

Jibu halikutoka kwa wanamuziki. Lilitoka katika siasa ya kazi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa. Mwezi uliofuata shirikisho la zamani la wafanyakazi lilivunjwa kwa sheria, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA. Katika mwaka huohuo NUTA iliunda bendi. Hapo ndipo muziki wa mji uligeuka, na waliocheza usiku ule wa kwanza huenda hawakulitambua. NUTA haikuomba michango ya wenyeji wa mahali fulani. Ilikuwa na ada za wafanyakazi wa nchi nzima. Iliweza kununua vyombo vipya, na jambo kubwa zaidi, iliweza kulipa mshahara kila mwezi. Mwanamuziki, ambaye majirani walimwita mhuni, akawa mwajiriwa. Gurumo aliiacha Kilwa Jazz akaenda NUTA, na si yeye peke yake. Nani angemlaumu? Mtu mwenye mke na watoto hawezi kula heshima ya jina la Kilwa.

Njia ilikuwa imekwisha funguliwa. Polisi wakawa na bendi yao, na Jeshi la Wananchi, Jeshi la Kujenga Taifa na Magereza vivyo hivyo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mashirika ya umma yalifuata. Shirika la biashara la taifa, STC, lilikuwa na STC Jazz. Majina ya mahali yalianza kuwa ya kizamani. Tanga, mjini kwa wakata mkonge, palikuwa na Young Nyamwezi, bendi ya watu waliotoka bara kutafuta kazi. Bendi hiyo ilibadili jina ikawa Jamhuri Jazz. Sauti na watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni anwani: zamani bendi ilisema imetoka wapi, sasa ilisema ni ya nani.

Faida za mageuzi haya si za kubezwa. Bila mshahara sauti nyingi zingepotea katika vibarua. Redio nayo, iliyotaifishwa mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ilirekodi bendi hizi kwa miaka mingi, ambapo santuri zenyewe hazikuwa na kiwanda nchini na zilipigwa chapa Nairobi. Lakini gharama yake ilikuwa palepale penye faida. Vyombo vilikuwa vya ofisi. Mpigaji alipoondoka, aliondoka na vidole vyake tu. Mwimbaji aliondoka na koo lake, na wimbo aliotunga ukabaki ukipigwa na aliyeshika nafasi yake. Na wachezaji, ambao zamani walikuwa wanachama na waliweza kumwuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi, sasa walikuwa wateja wa mlangoni. Kwa kweli bendi za nyumbani hazikufa siku moja; Kilwa Jazz na Western Jazz ziliendelea hadi miaka ya sabini, na wapenzi wa Western walijisifu kwa mtindo wao wa saboso. Zilishindana, lakini zilishindana na bajeti.

Nyumbani kwenyewe napo hapakubaki kama palivyokuwa. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 watu wa Rufiji walimnyima kura Bibi Titi, mwimbaji wa zamani wa Bomba, akakosa kiti cha Bunge. Mwaka 1968 mto ulifurika kupita kiasi, ukameza mashamba na nyumba za bondeni. Serikali ikawahamisha wakulima kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko, mbali na mpunga wao, katika mpango ulioitwa Operesheni Rufiji. Kijana aliyeondoka Kibiti mwaka 1958, kama angerudi mwaka 1969 kuutafuta ua wa baba yake karibu na mto, angeweza kuoneshwa kichaka. Aliyekaa mjini alikuwa na jina la bendi iliyokwisha nyamaza, na jina la mahali palipohama.

Mwaka huohuo wa 1969 ulikuwa mkali kwa starehe za mjini. Tangu Januari Mosi Umoja wa Vijana wa TANU ulitekeleza Operesheni Vijana, uliopiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Novemba, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akakataza muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Wana wa bugi ndio waliopigwa zaidi na amri hizo. Dansi la NUTA halikuguswa. Rumba, iliyotajwa mwaka 1962 pamoja na twisti katika orodha ya mambo ya kuigwa, ilikuwa imepata kinga kwa kuwa sasa ilikuwa na mwajiri. NUTA ilikuja kuita muziki wake Msondo, jina la ngoma ndefu ya unyago wa Wazaramo, na hivyo lile gitaa lililojifunza kwa santuri ya Kuba likapewa kwao kwingine, karibu na mjini.

Chama cha wafanyakazi kilibadili jina mara kadhaa, na bendi ikakifuata: mwaka 1977 ikawa JUWATA Jazz, mwaka 1991 OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Gurumo aliondoka mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, bendi iliyokuja baadaye kuwa ya shirika la maendeleo la jiji, katika miaka ya themanini akaimba na Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Alistaafu Agosti 2013, akaeleza kwamba miaka 53 ya kuimba haikumpatia gari. Diamond Platnumz, mwimbaji kijana wa bongo fleva, akamnunulia. Gurumo alifariki Muhimbili tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa Masaki, Kisarawe.