Mlango wa ioni

Chuo Kikuu cha Lubumbashi hufundisha tiba kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa tundu la seli linalopitisha ioni huitwa canal ionique. Kazi huanza pale daktari kijana anapotaka kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili kwa nini moyo wake unakwenda mbio. Akisema kanali, mgonjwa atamwona mwanajeshi. Akisema mfereji, atauona ule wa maji ya mvua kando ya barabara, ulio wazi usiku na mchana, unaobeba kila kinachoangukia humo. Mimi nashika neno mlango. Mlango hufunguka na kufungwa, tena hauruhusu kila anayebisha.

Ioni ni atomi yenye chaji ya umeme. Seli imezungukwa na utando wa mafuta, na ioni haipenyi mafuta. Hupita katika protini zilizochomekwa humo, zenye tundu katikati. Neva ikiwa imetulia, ndani ya seli pana umeme hasi wa milivolti 70 hivi kulinganisha na nje. Ikisisimuliwa vya kutosha, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu humiminika ndani, na kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha, ndani pamegeuka chanya. Kisha milango hiyo hujifunga yenyewe, ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, na utulivu hurudi. Lakini kipande cha utando kilicho jirani kimekwisha kuhisi badiliko hilo na kufungua milango yake, na hivyo habari inasonga mbele.

Hodgkin na Huxley walipiga hesabu za mwendo huu mwaka 1952 kwa neva nene ya ngisi, wakati hakuna aliyewahi kuuona mlango wenyewe. Neher na Sakmann walipima umeme wa mlango mmoja mwaka 1976. Mimi hunishangaza zaidi uteuzi wake: ioni ya potasiamu ni kubwa kuliko ya sodiamu, na bado mlango wa potasiamu huipitisha ile kubwa na kuikataa ndogo. Mwaka 1998 MacKinnon na wenzake walionyesha sababu. Ili kupita, ioni huacha maji yanayoizunguka, na atomi za oksijeni za mlango hushika nafasi ya maji hayo. Potasiamu huzifikia zote sawasawa. Sodiamu, kwa udogo wake, hupwaya.

Sisi wa Katanga tuna sababu ya karibu ya kulijua jambo hili. Milango ya kalisi ndiyo inayoamuru misuli ya moyo ikaze, na ndiyo inayofanya ncha ya neva imwage kemikali zake. Mwaka 1967 Hagiwara na Takahashi walipima jinsi metali mbalimbali zinavyong'ang'ania mahali pa kalisi kwenye utando wa msuli, na kobalti iliishinda kalisi yenyewe. Tangu hapo wanafiziolojia hutia chumvi ya kobalti, yenye maji ya rangi ya waridi, wanapotaka kunyamazisha milango hiyo. Ni kobalti ileile inayochimbwa kwetu katika jiwe jeusi.

Mwaka 2009 Banza na wenzake, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga: waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno kuliko waliokaa mbali. Kiasi cha kobalti kinachotumika maabara ni kikubwa mara nyingi kuliko kilichomo katika damu ya mtu, kwa hiyo asitokee wa kusema kwamba neva za majirani wa mgodi zimezibwa.

Nimesema kuzibwa kwa makusudi. Mlango hufungwa kwa nguvu yake wenyewe. Huzibwa na kitu kigeni kilichokwama tunduni, kama kobalti. Amlodipine, dawa ya presha, haifanyi lolote kati ya hayo: hujishika ubavuni mwa protini na kuizuia isipitishe kalisi, na misuli ya mishipa ya damu ikalegea. Daktari anayemwandikia mgonjwa dawa hiyo amwambie inazuia.